Jiwe, Chokaa na Jina: Kanisa la Misioni ya Bagamoyo na Namna Linavyosimuliwa

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kanisa la misioni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, kwenye pwani ya Tanzania inayotazamana na kisiwa cha Unguja. Kwa kusema kweli hapo pana makanisa mawili, si moja. La kwanza ni lile la kale, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1872 na ambalo leo limebakiwa na mnara tu. La pili ni kanisa kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1910 na mwaka 1914, ambamo Misa huadhimishwa hadi sasa. Mnara umepewa jina la mtu: waitwa Mnara wa Livingstone. Kanisa kubwa halikupata bahati hiyo. Wageni wengi huanza kwa mnara, na wako wanaoishia papo hapo.

Jengo, sawa na utenzi au hadithi, husomwa. Na kila msomaji huja na miwani yake. Lengo la makala haya ni kupima simulizi zinazozunguka kanisa la Bagamoyo na kuuliza kama simulizi hizo zinalingana na jengo lenyewe: jiwe lake, chokaa yake, paa lake, na mikono iliyolijenga. Hoja itakayotetewa ni hii: kanisa hilo limesomwa zaidi kwa ajili ya maiti iliyolala humo usiku mmoja kuliko kwa ajili ya watu walioishi na kufanya kazi kando yake kwa zaidi ya nusu karne.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopitia Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema hadi Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu za Maniema zilishuka kwa njia hiyo, na watu wa Maniema pia. Kutoka Bagamoyo ndiko ulikoondoka mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, ambao wenzao walifika baadaye Kibanga na Mpala, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa. Kwa hiyo anayezichunguza kuta za Bagamoyo anachunguza pia chimbuko mojawapo la misioni za mashariki ya Kongo.

2. Historia kwa ufupi

Wamisionari Wakatoliki wa karne ya 19 walitangulia kukaa Zanzibar. Mwaka 1860 alifika huko Padri Armand Fava akitoka kisiwa cha Réunion, pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Muda mfupi baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padri Antoine Horner, mzaliwa wa Alsace, akafika mwaka 1863. Miaka mitano ilipopita, yaani mwaka 1868, Horner alivuka bahari na kufungua misioni Bagamoyo kwa idhini ya Sultani Majid bin Said.

Misioni hiyo ilikusudiwa tangu mwanzo iwe makao ya watu waliotolewa katika utumwa, hasa watoto. Walilelewa, wakafundishwa dini, kilimo na ufundi. Walipokua walioana na kupewa nyumba katika kijiji cha Wakristo. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Zanzibar na pwani iliyo mkabala nayo. Mikarafuu ya Unguja iling'olewa kwa wingi, na majengo ya misioni ya Bagamoyo yakaharibika vibaya. Majengo ya mawe yanayoonekana leo ni ya baada ya kimbunga hicho. Kanisa la kale lilianzwa mwaka huo huo wa 1872. Nyumba ya mapadri ilikamilika mwaka 1876, ikaongezewa ghorofa ya tatu mwaka 1903. Nyumba ya masista, ambayo siku hizi ni makumbusho, ni ya mwaka 1876 vilevile.

Mwaka 1888 na 1889, Abushiri alipowaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, watu wengi wa mji walikimbilia ndani ya misioni, ambayo haikushambuliwa. Mwaka 1906 Bagamoyo ikawa makao ya vikarieti ya kitume chini ya Askofu François-Xavier Vogt. Ni katika uaskofu wake kanisa kubwa lilipojengwa. Mwaka 1953 vikarieti hiyo iligeuka Jimbo la Morogoro, na Bagamoyo ikapoteza cheo chake. Kilirudi mwaka 2025 lilipoundwa Jimbo la Bagamoyo.

3. Simulizi tatu

Zipo simulizi tatu kubwa juu ya kanisa hili. Hazigombani waziwazi, hata hivyo kila moja huchagua sehemu yake ya jengo na kuziacha nyingine.

Simulizi ya kwanza ni ya msafiri. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, miongoni mwao Chuma, Susi na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuubeba miezi mingi hadi pwani. Mapokeo ya misioni yanasema kwamba tarehe 24 Februari 1874 mwili huo ulilazwa katika kanisa la Bagamoyo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye London, ulikozikwa mwezi Aprili mwaka huo. Kwa sababu ya usiku huo mmoja, mnara una jina alilo nalo.

Udhaifu wa simulizi hii si kwamba ni ya uongo. Udhaifu wake umo katika mizani. Livingstone hakuijenga misioni hiyo, hakuwa Mkatoliki, na alipofikishwa hapo alikuwa maiti. Waliomfikisha walikuwa watu hai. Walizungumza Kiswahili barabarani, walijadiliana kama mwili uzikwe au ubebwe, walilipa hongo na kupitia nchi ambazo watu wake waliogopa maiti. Wainwright aliandika shajara ya safari hiyo. Kama jina la mnara lingetolewa kwa kufuata kazi iliyofanyika, basi wapagazi wale wangekuwa na haki kumzidi mzigo waliouchukua. Jina lililoko linamtaja aliyebebwa na kuwasahau waliobeba. Na kwa kweli ndivyo misafara yote ya karne hiyo ilivyoandikwa vitabuni.

Pana jambo jingine linalomhusu Mkongo. Mwezi Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, aliposhuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Habari ya mauaji hayo ilisomwa Uingereza na kuchochea hasira dhidi ya biashara ya watumwa. Livingstone akipewa nafasi katika kanisa la Bagamoyo, basi soko la Nyangwe lastahili kuingia pamoja naye. Lakini waongozaji wa wageni huanzia safari ya maiti Chitambo na kuimalizia London. Maniema haitajwi sana.

Simulizi ya pili ni ya Eklezia yenyewe. Katika simulizi hii Bagamoyo ni mlango ambao imani iliingilia Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 Wakatoliki wa Tanzania waliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, wakihesabu tangu kufika kwa Horner mwaka 1868. Ukweli wa simulizi hii hauwezi kukanushwa: mapadri waliojenga misioni za bara walipita hapo, na wengi wao, waliokufa wangali vijana kwa homa, wamezikwa hapo hapo. Hata hivyo neno "mlango" lina hatari yake. Mlango hudhaniwa kuwa wa kwanza, ilhali haukuwa wa kwanza. Waagostino wa Ureno walikuwa na konventi Mombasa tangu mwaka 1597. Na upande wa pili wa bara, mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na Mbanza Kongo ikawa makao ya askofu mwaka 1596. Magofu ya kanisa lake yangali yanaonekana katika nchi ya Angola. Msomaji wa Kongo akisikia Bagamoyo ikiitwa mwanzo hana budi kuuliza: mwanzo wa nini, na wa kina nani?

Simulizi ya tatu ni ya njia ya utumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya maeneo inayotarajia kuyapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia. Katika simulizi hii misioni ni mahali pa uhuru, na jina la mji hutafsiriwa kama kilio: mtumwa alipoiona bahari aliambiwa aubwage moyo, kwa maana hatarudi tena kwao. Wengine hutafsiri jina hilo hilo kinyume kabisa: mpagazi alipofika mwisho wa safari aliutua mzigo na moyo ukatulia.

Sarufi peke yake haiwezi kuamua shauri hili. Kitenzi "bwaga" chamaanisha kutupa chini kitu kizito kwa mkupuo. Mzigo hubwagwa, na mwenye kubwaga huweza kupumua au kulia. Asili ya jina lenyewe ingali ikibishaniwa na wanahistoria. Lililo wazi ni kwamba tafsiri mbili zinamtaka msemaji wawili tofauti, na wote wawili walifika Bagamoyo. Wapagazi wengi wa njia ile, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira. Wengine walikuwa wamefungwa. Anayechagua tafsiri moja na kuitupa ya pili anaufuta umati mmoja kwa ajili ya mwingine. Inafaa kuonywa pia juu ya utamu wa kulinganisha: kwa kuwa moyo wa Livingstone ulibaki Chitambo kweli, msimulizi huvutiwa kuuunganisha na jina la mji. Mlingano huo wapendeza masikioni, lakini hauelezi chochote juu ya kanisa.

4. Kuzisoma kuta

Baada ya simulizi, yafaa kulirudia jengo. Kanisa la Bagamoyo ni la mawe ya matumbawe. Kwenye pwani ya Waswahili jiwe hilo hupatikana kwa namna mbili. Moja hukatwa baharini lingali laini na kuchongwa kabla halijakauka. Hilo ndilo lililotumika tangu zamani kwa nakshi za mihrabu na miimo ya milango. La pili huchimbwa nchi kavu, ambako miamba ya matumbawe ya kale iko karibu na uso wa ardhi. Ni jiwe gumu, lenye matundu na pembe zisizo sawa, nalo hujengewa kuta. Jiwe hili halikubali kulazwa kwa mistari myembamba kama tofali. Hulazimu ukuta uwe mnene, ujazwe chokaa nyingi, kisha upakwe lipu.

Chokaa nayo yatokana na jiwe lilo hilo. Vipande vya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, moto ukawashwa, na jiwe lililoungua likamwagiwa maji hadi likawa unga. Unga huo huachwa upoe na kukomaa kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo ukuta wa pwani ni bahari iliyogeuzwa mara mbili: jiwe ni matumbawe, na kinacholishika jiwe ni matumbawe yaliyochomwa. Kilomita chache kusini mwa misioni yako magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi mengi. Msikiti wa kale zaidi hunasibishwa na karne ya 13. Kwa upande wa vitu vilivyojengewa, kanisa la padri wa Alsace ni ndugu wa msikiti wa Kaole. Anayesema kwamba jengo hilo lililetwa kutoka Ulaya hajaugusa ukuta wake.

Tofauti huanza kwenye paa. Mjenzi wa Kiswahili alitegemea boriti za mikoko, ambazo huweza kuvuka nafasi ya mita tatu hivi tu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba. Ndiyo maana pia misikiti mingi ya zamani ina nguzo nyingi ndani, na katika baadhi yake safu ya nguzo husimama katikati na kuizuia njia ya macho kuelekea mihrabu. Jambo hilo halikuwaudhi waumini, kwa kuwa swala ya jamaa haidai kila mtu amwone imamu. Misa ya Kikatoliki ilidai jambo jingine. Waamini walipaswa kuiona altare, na hasa kuiona hostia inapoinuliwa. Hapakuwa na budi kupata ukumbi mpana usiokatwa katikati, na ukumbi wa namna hiyo hauwezi kuezekwa kwa boriti fupi. Ulihitaji mbao ndefu zilizopasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa kenchi, yaani kazi ya seremala aliyefunzwa.

Hapa ndipo uzuri wa kanisa kubwa la 1910 hadi 1914 unapopaswa kutafutwa, pamoja na kasoro zake. Uzuri wake ni wa makubaliano: ukuta ni wa pwani, upana wa ndani ni wa liturjia ya Kirumi, na vyote viwili vimesimama pamoja bila kimoja kukificha kingine. Ukuta mnene unapoza joto la mchana kama unavyofanya katika nyumba yoyote ya mawe ya mjini. Kasoro ni kwamba ufundi wa nakshi, ambao ndio fahari ya mlango wa Kiswahili, haukupewa nafasi ya kuongoza. Mjenzi alichukua jiwe na chokaa ya wenyeji, yaani nguvu zao. Hakuchukua kwa kiwango kile kile pambo lao, yaani fikra zao. Lawama hii si ya Bagamoyo peke yake. Yahusu misioni nyingi za wakati ule, hata zile za ziwa Tanganyika.

5. Neno "kukomboa"

Haitoshi kuuliza jengo ni la jiwe gani. Yapasa kuuliza ni nani aliyelichimba, akalichoma na kulibeba. Vijana wa misioni walifunzwa uashi na useremala na mabruda, na nguvu za wakazi wa kijiji cha Wakristo ndizo zilizoiinua misioni pamoja na mashamba yake ya minazi. Watu hao huitwa "waliokombolewa". Neno hilo lafaa kuchunguzwa.

Kukomboa, katika Kiswahili, ni kukitoa kwa malipo kitu kilichowekwa rehani au mtu aliyeshikwa. Neno hilo hilo limeingia katika dini, na Kristo huitwa Mkombozi. Mtoto aliyenunuliwa sokoni Zanzibar alisemwa amekombolewa, na kwa neno hilo bei ikafunikwa kwa utakatifu. Kifaransa cha mapadri kilikuwa na kitendawili hicho hicho, kwani kitenzi kimoja kilitosha kwa kununua tena na kwa kuokoa. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar, watoto wengine waliletwa na meli za Kiingereza zilizokamata majahazi. Hao hawakununuliwa, lakini hawakuulizwa pia walitaka kwenda wapi.

Haki yataka mambo mawili yasemwe pamoja. Kwanza, misioni iliwaokoa watoto katika maisha yaliyokuwa mabaya zaidi, na wengi wa wamisionari waliilipia kazi hiyo kwa uhai wao. Masista wa Réunion walikuwa shirika lililowapokea pia mabinti wa watu waliokuwa watumwa katika kisiwa chao, kwa hiyo baadhi yao waliijua hali hiyo kwa damu. Pili, uhuru uliotolewa ulikuwa uhuru wenye kengele: kengele ya kuamka, ya kazi, ya sala na ya kulala. Jarida la misioni lenyewe lahifadhi habari za watu walioondoka kijijini kwenda kujitafutia maisha mjini. Kuondoka kwao kwaweza kusomwa kama utovu wa shukrani. Kwaweza kusomwa pia kama ushahidi kwamba walikuwa wameuelewa uhuru sawasawa.

Kuna tarehe moja ambayo simulizi zote tatu huiruka. Katika koloni la Wajerumani utumwa haukufutwa upesi. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905. Wazazi wao walibaki walivyo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba kanisa kubwa, ambalo leo huonyeshwa kama alama ya uhuru, liliinuliwa katika nchi ambamo mtu aliweza bado kuwa mali ya mwenziwe kwa mujibu wa sheria. Jambo hili halilishushi hadhi jengo. Laonyesha tu kwamba lilijengwa katikati ya kazi isiyokwisha, si baada ya ushindi.

Kongo ilikuwa na historia ya namna hiyo. Kibanga, iliyofunguliwa mwaka 1883, na Mpala, ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885 kutoka kwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, zilikusanya watoto na watu wazima kwa njia ile ile ya kukomboa. Kutoka katika malezi ya misioni hizo za ziwani alitokea Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa zama hizi, aliyepewa daraja mwaka 1917 huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Kwa hiyo swali la kukombolewa si swali la majirani wa mashariki peke yao.

6. Lugha ya ndani ya kanisa

Misioni ya pwani haikuacha kuta tu. Iliacha pia maneno. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika Zanzibar mwaka 1879, akaishi pwani karibu miaka ishirini. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilichapishwa na misioni huko Zanzibar mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris kati ya mwaka 1939 na mwaka 1941. Kwa wanafunzi wa Kongo, ambao huifikia lugha ya pwani kwa kupitia Kifaransa, kazi hiyo ingali hazina. Thamani yake kubwa ni kwamba hutaja maneno ya lahaja mbalimbali badala ya kuyalazimisha yote yawe ya Unguja.

Msamiati wa jengo lenyewe unasimulia ukweli ambao waongozaji hawausemi. "Kanisa", "msalaba" na "mnara" ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. "Padri" imetoka katika Kireno. "Altare" katika Kilatini. "Mimbari" ni neno la msikitini, nalo lilihamia kanisani bila kubadilishwa. Aidha, Wakatoliki wa Kongo wanapotenga "Eklezia", yaani jamii ya waamini, na "kanisa", yaani jengo, wanaonyesha kwamba lugha iliendelea kufanyiwa kazi baada ya kutoka pwani. Mkristo wa kwanza wa Bagamoyo hakuwa na njia ya kuitaja nyumba yake ya sala bila kutumia maneno ya jirani yake Mwislamu. Kama ukuta ulivyo ndugu wa ukuta wa Kaole, ndivyo na lugha.

Neno "mnara" lastahili neno la ziada. Katika Kiarabu ni mahali pa nuru, tena ni mahali pa mwadhini. Misikiti ya kale ya Waswahili kwa kawaida haikuwa na minara mirefu; mwadhini aliadhini juu ya paa au ngazi fupi. Mnara wa kanisa, uliosimama juu ya minazi na kupiga kengele, ulikuwa basi jambo jipya katika mandhari ya Bagamoyo, ingawa uliitwa kwa jina la zamani. Jina la zamani lilikifanya kitu kipya kionekane cha nyumbani. Hiyo ni kazi kubwa ya lugha, na haikufanywa na padri peke yake. Ilifanywa na watoto waliotoka katika makabila mengi, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu umepima simulizi tatu na kuona kwamba kila moja ina sehemu ya kweli: msafiri alilala hapo, imani ilipita hapo, watumwa walifika hapo. Kinachokosekana katika zote tatu ni kazi. Simulizi ya msafiri yawasahau waliobeba, ya Eklezia yawasahau waliojenga, na ya njia ya utumwa humwacha mtumwa kwenye kilio chake bila kumfuata hadi anapochukua mwiko wa mwashi mkononi.

Kanisa la Bagamoyo laweza kusomwa vingine. Msomaji aanze na ukuta wa kanisa kubwa badala ya mnara. Atambue jiwe la pwani, tanuru la chokaa na kenchi ya seremala. Akumbuke kwamba lilikamilika miaka minane kabla ya utumwa kufutwa katika nchi ile. Kisha ndipo atoke nje na kuutazama mnara. Atakapoufikia, jina lililoko juu yake halitamtosha. Atataka kujua pia majina ya waliopandisha mawe yake, na kwa kuwa mengi ya majina hayo hayakuandikwa popote ila katika madaftari ya ubatizo, kazi ya kuyatafuta ni ya wanafunzi wa historia na wa lugha wa pande zote mbili za ziwa. Baadhi ya watoto wale walitoka bara, na huenda wako waliotoka Maniema. Haifai majina yao yaendelee kungojea katika madaftari wakati jina la mgeni wa usiku mmoja lasomwa kila siku.